Icarus alikuwa amefungiwa, mbona hamkutuambia?

Juzi kwenye mafunzo ya vijana tulipigiwa wimbo wa Iron Maiden, "Flight of Icarus", wa mwaka 1983. Gitaa kali, spika ya kuazima, tukatikisa vichwa. Kisha mwezeshaji akatoa fundisho lake: mnaona, kijana hakumsikiliza baba, akaruka juu mno, jua likayeyusha nta ya mbawa, akaanguka. Basi na nyie msitamani makubwa, ridhikeni na kozi ya sabuni.

Jamani. Sabuni tunaiheshimu, lakini hadithi hiyo imeanziwa katikati.

Icarus na baba yake Daedalus hawakuruka kwa starehe. Mfalme Minos aliwazuia kisiwani Krete. Ovid, mshairi wa Roma aliyeiandika hadithi hiyo miaka kama 2,000 iliyopita, anaeleza kwamba njia ya nchi kavu na ya bahari zote zilifungwa, ikabaki anga tu. Yaani watu wasio na kibali cha kutoka. Nani hapa kambini haijui karatasi hiyo? (Ovid mwenyewe baadaye alifukuzwa Roma na Kaisari Augusto, akafia ugenini.) Tena baba alionya mara mbili: usipande juu sana, jua litakuunguza, usishuke chini sana, maji yatalowesha mbawa. Hilo la pili mbona halikusemwa?

Iron Maiden nao gereza wamelitoa, na baba wamemgeuza kuwa msaliti wa mwanae. Haki yao, wimbo ni wao. Ila anayetufafanulia sisi arudi kwanza kwenye hadithi yenyewe.

Wenzetu wa kwaya walinung'unika eti ni mambo ya miungu ya kipagani. Wandugu, hakuna mungu aliyemwangusha yule kijana, ni nta.

Kuna na mchoro, uko Brussels, unahesabiwa kuwa wa Pieter Bruegel. Tuliutazama kwenye simu, ikabidi tuvute picha ndiyo tumwone Icarus: miguu miwili tu ikizama pembeni. Mkulima analima. Mchungaji anatazama juu, upande mwingine kabisa. Meli inapita zake. Kwa Ovid watu hao walishangaa kuwaona wakiruka. Kwa mchoraji kila mtu yuko na kazi yake. Sisi tulikaa kimya kidogo hapo.

Kwa sababu bahari ile ipo. Kisiwa cha Ikaria, chenye jina la kijana huyo, kiko jirani na Samos, Ugiriki. Mwaka 2015 zaidi ya watu 800,000 walifika Ugiriki kwa bahari, wengi kwa maboti ya mpira kutoka Uturuki, na wengine hawakufika. Hao nao mtasema walitamani makubwa?

Tunaomba mwezeshaji arudi na ile spika. Safari hii aanze na Minos.