UFUNDI WETU: Kasha la vioo la kutunzia mfano wa chombo

Huenda umewahi kuona mfano wa jahazi juu ya kabati la ofisi au darasa. Aliyeutengeneza ni mzee mmoja, fundi wa vyombo. Alichonga kila ubao kwa mkono wake. Alisimamisha mlingoti, akafunga tanga na kuweka usukani. Watu walimsifu sana siku ile.

Je, miaka mitano baadaye mfano ule ulikuwaje? Tanga limetobolewa na mende. Kamba zimekatika. Vumbi limejaa ndani. Watoto wameuchezea na usukani umepotea. Mwishowe mtu anausukumiza stoo. Hakuna anayeuliza tena.

Mwezi huu tutajifunza kutengeneza kasha la vioo la kuutunza mfano kama huo. Kwanza tujiulize: kuna haja gani ya kutunza chombo kidogo kisichoweza hata kwenda majini?

Jibu liko katika habari ya mtepe.

Zamani watu wa pwani yetu walisafiri kwa chombo kilichoitwa mtepe. Mbao zake hazikuunganishwa kwa misumari ya chuma. Zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Tanga lake lilikuwa la mkeka. Mitepe ilibeba boriti na mizigo mingine. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20 mitepe ilikwisha. Mafundi walioijua kazi ile walifariki, na vyombo vyao vikaoza.

Mtu akitaka kujua leo mtepe ulikuwaje, afanye nini? Hawezi kwenda bandarini kuutazama. Anatazama picha za zamani na kusoma maandishi. Tena anakwenda kutazama mifano midogo iliyotunzwa. Katika Jumba la Makumbusho la Lamu, nchini Kenya, umo mfano wa mtepe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mafundi walijenga upya mtepe mkubwa huko Zanzibar. Ukawekwa katika jumba la Beit al-Ajaib.

Unaona, ndugu msomaji? Chombo kikubwa kilikufa, lakini mfano mdogo ulibaki. Uliweza kubaki kwa sababu kuna watu walioutunza.

Basi sasa tushike kazi.

KUPIMA

Mfano mzuri hufuata kipimo. Tuseme mashua halisi ina urefu wa mita 8. Fundi amefanya kila sentimita 1 ya mfano iwe badala ya sentimita 20 za mashua. Mita 8 ni sentimita 800. Gawa kwa 20, utapata sentimita 40. Huo ndio urefu wa mfano wetu. Upana wake ni sentimita 15. Kutoka chini hadi ncha ya mlingoti ni sentimita 35.

Kasha lisiubane mfano. Acha nafasi ya sentimita 5 kila upande, na sentimita 5 juu. Kwa hiyo ndani ya kasha urefu uwe sentimita 50, upana 25, na kimo 40.

VIFAA

1. Ubao wa kitako, sentimita 60 kwa 35, wenye unene wa sentimita 2 na nusu.
2. Miti ya fremu yenye unene wa sentimita 2 kwa 2. Utahitaji karibu mita 5. Nunua mita 6, maana msumeno nao hula.
3. Papi nyembamba za milimita 8 za kushikilia vioo.
4. Plaiwudi ya mgongo, sentimita 54 kwa 42.
5. Vioo vya milimita 3.
6. Gundi ya mbao, skrubu, misumari midogo, msasa na vanishi.

Mbao ziwe kavu kabisa. Mninga, mvule na mtiki hufaa. Ubao mbichi ukikauka husinyaa na kupinda. Viungo vitaachana, na kioo kinaweza kupasuka. Tazama pia kama ubao una vitundu na unga. Hiyo ni dalili ya fukusi. Usiutumie, maana utamfungia adui pamoja na mfano wako.

KUTENGENEZA FREMU

Kata miti 4 ya sentimita 54, miti 4 ya sentimita 42, na miti 4 ya sentimita 25.

Kwanza tengeneza fremu mbili, ya mbele na ya nyuma. Kila moja ina miti miwili ya 54 na miwili ya 42. Kila mti upunguze mwishoni nusu ya unene wake, yaani sentimita 1, kwa urefu wa sentimita 2. Sasa ncha zitalaliana na kuwa sawa juu na chini. Tia gundi na uzibane.

Kabla gundi haijakauka, pima kutoka pembe hadi pembe ya pili iliyo mkabala. Halafu pima pembe zile nyingine mbili. Vipimo hivyo viwili lazima viwe sawa. Kwa fremu hii kila kimoja kitakuwa karibu sentimita 68.4. Kama kimoja kimezidi, fremu imekaa upande. Isukume taratibu mpaka vilingane. Usipuuze jambo hili. Kioo hakijui kupinda ili kufuata makosa ya fundi.

Gundi ikishakauka, unganisha fremu hizo mbili kwa ile miti 4 ya sentimita 25, mmoja katika kila pembe. Toboa tundu kwanza ndipo utie skrubu, la sivyo mti utapasuka.

Piga msasa. Paka vanishi ndani na nje, na katika ubao wa kitako pia.

Sasa subiri. Vanishi na gundi hutoa harufu kwa siku nyingi. Ukifunga kasha mapema, mvuke ule utabaki ndani na kudhuru tanga, rangi na vipande vya chuma. Liache kasha wazi mahali penye hewa kwa muda wa wiki 4. Kama harufu bado ipo, subiri zaidi.

KUTIA VIOO

Mbele pana uwazi wa sentimita 50 kwa 38. Kila ubavu una uwazi wa 25 kwa 38. Juu pana uwazi wa 50 kwa 25. Hata hivyo, pima mwenyewe kwanza kabla ya kwenda dukani. Halafu punguza milimita 3 katika kila kipimo. Kioo cha mbele basi kitakuwa milimita 497 kwa 377. Kioo kinachoingia kwa nguvu kitapasuka.

Pigilia papi upande wa nje wa uwazi. Weka kioo kwa ndani. Kisha pigilia papi nyingine ikibane kioo katikati. Misumari iwe midogo, na uweke karatasi ngumu juu ya kioo unapogonga. Vaa viatu na ushike vioo kwa kitambaa kinene. Watoto wakae mbali.

Nyuma pigilia plaiwudi. Karibu na chini yake toboa matundu mawili madogo. Yafunike kwa ndani kwa kitambaa chepesi kilichogandishwa kwa gundi. Hewa itapita, na unyevu hautakusanyika ndani. Vumbi na wadudu watazuiwa na kitambaa.

Vioo hivi vyote ni karibu kilo 4. Kwa hiyo kasha libebwe na watu wawili, tena lishikwe kwenye kitako.

KUWEKA MFANO

Chonga vibao viwili vinavyofuata tumbo la chombo. Vipigilie juu ya kitako, ndipo uweke mfano wako ukae imara. Safisha vumbi kwa brashi laini. Usioshe kwa maji.

Funika kwa kasha. Kitako kimezidi kasha sentimita 3 kila upande, basi liweke katikati. Funga skrubu 4 kutoka chini ya kitako mpaka kwenye miti ya fremu. Hatukuweka mlango, kwa sababu kila mlango ni njia ya vumbi na ya mikono ya watu. Mwisho pigilia miguu minne mifupi chini ya kitako.

Usiliweke kasha penye jua. Jua hufifisha rangi na kukausha kamba mpaka zikatike. Usiliweke chini sakafuni wala usiliegemeze ukutani, maana mchwa hupita huko. Kila mwezi tazama kama kuna unga mpya. Ukiuona, fungua mara moja.

KAZI ILIYOBAKI

Ndugu msomaji, fundi anaweza kudhani kazi imekwisha. Bado. Kasha limeutunza mwili wa chombo, lakini halisemi lolote. Baada ya miaka 50 mtu atasimama mbele yake na kuuliza: Hiki ni chombo gani? Nani alikitengeneza? Kiliunganishwaje?

Hapo ndipo unapohitajika wewe uliyejifunza kusoma na kuandika. Chukua daftari uende kwa yule mzee. Mwambie, "Shikamoo babu, nimekuja unifundishe." Muulize majina ya sehemu zote: mkuku, mataruma, mlingoti, foromali, omo na tezi. Muulize ni mti gani hutumika kwa kila sehemu, na kwa nini. Muulize nani alimfundisha yeye.

Andika majibu yote. Kisha chukua karatasi ngumu uandike kwa herufi kubwa jina la chombo, jina la fundi, kijiji, mwaka na kipimo. Bandika karatasi hiyo mbele ya kitako. Maelezo marefu yabaki katika daftari, na daftari likae mahali panapojulikana.

Usiseme utakwenda baada ya mavuno. Kasha linaweza kungoja gundi ikauke, lakini mzee hakungoji. Waliokuwa wakishona mitepe nao walikuwa wazee wa kijiji fulani, na bila shaka palikuwa na vijana waliosema watawauliza kesho.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mfano wako una urefu wa sentimita 60. Ndani ya kasha lake urefu utakuwa sentimita ngapi?
2. Kwa nini tunapima fremu kutoka pembe hadi pembe?
3. Katika kijiji chenu, ni kazi gani ya mikono inayojulikana na wazee peke yao? Nani atakwenda kuwauliza, na lini?

Tukutane mwezi ujao.