Kitendawili Chataka Wawili

Kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na wengi wetu tumeitumia kupamba insha bila hata kuifikiria. Mimi niliielewa barabara wakati wa likizo, mbele ya mchezo wa kompyuta. Usicheke, mpenzi msomaji. Nisikilize kwanza.

Mchezo wenyewe unaitwa Myst. Ulitolewa mwaka wa 1993 na ndugu wawili wa Marekani, Rand na Robyn Miller, kupitia kampuni yao ya Cyan. Hauna bunduki, hauna magari ya kukimbizana, wala hakuna saa ya kukuhimiza. Unajikuta tu kisiwani, peke yako, kimya kikuu, upepo na mawimbi. Kuna maktaba, mnara wa saa, meli iliyozama gatini na roketi ambayo hujui imefikaje huko. Katika maktaba kuna vitabu viwili, chekundu na cha buluu, na ndani ya kila kimoja amefungiwa kijana. Hao ni ndugu. Kila mmoja anakuomba umtafutie kurasa zilizopotea, na kila mmoja anakuapia kwamba mwenzake ndiye mwovu. Utamwamini nani? Hapo ndipo utamu ulipo. Ni hadithi na kitendawili kwa pamoja, na watu zaidi ya milioni sita waliununua.

Binamu yetu afanyaye kazi ya kompyuta Nairobi alitutilia mchezo huo katika tarakilishi yake kuukuu. Nasema "sisi" kwa sababu nilicheza na dada yangu mdogo. Yeye hasikii. Aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka mitatu, na tangu hapo tunazungumza kwa lugha ya ishara. Basi tuliketi bega kwa bega, daftari katikati, penseli sikioni kama mafundi. Kuna mafumbo pale ambayo ni ya sauti tupu: kwenye roketi lazima ulinganishe noti za kinanda, na katika ulimwengu mmoja unasafiri chini ya ardhi ukiongozwa na milio. Hizo zilikuwa kazi yangu. Nilisikiliza, nikamwonyesha kwa mikono noti ipi i juu na ipi i chini, naye akachora.

Lakini macho yalikuwa yake. Mimi nilipita bwawani mara kumi bila kuona kitu. Yeye ndiye aliyegundua kuwa kijimeli kidogo kilichozama bwawani kimeibuka, akanivuta mkono na kunionyesha ishara moja tu: "Gatini!" Tulipofika gatini, lo! meli kubwa nayo imeibuka. Jameni, tulipiga kelele hadi mama akaja kuuliza nani ameumia.

Sasa tuje kwenye maoni yangu. Mwezi wa Disemba mwaka wa 2020 kampuni ya Cyan ilitoa mchezo huo upya kwa miwani ya uhalisia pepe, ile unayovaa usoni ukajiona umo ndani ya mahali penyewe. Haikuwa kazi ya kuchukua ya zamani na kuibandika. Mchezo wa 1993 ulikuwa wa picha zisizosonga, kama 2,500 hivi; ukibonyeza, picha moja inaondoka na nyingine inakuja. Ndani ya miwani huwezi kufanya hivyo. Mtu atainama achungulie chini ya meza, atazunguka nyuma ya mti. Kwa hivyo kisiwa kizima hakina budi kujengwa kama kitu kamili, na kompyuta ichore picha mbili kwa wakati mmoja, moja ya kila jicho, mara nyingi kwa sekunde.

Binamu alipopata miwani hiyo, mimi nilikuwa wa kwanza kuivaa. Sitasema uongo: nilisisimka. Swichi niliyoizoea kuibonyeza kwa kidole kimoja sasa niliinyoshea mkono. Mnara uliokuwa na ukubwa wa kiberiti kwenye kioo ulinifanya niinue shingo. Lakini nilipochagua kutembea mfululizo, tumbo lilianza kugeuka. Binamu alinieleza sababu: macho yanasema unakwenda, masikio ya ndani yanasema umesimama, na mwili hujui umwamini nani, kama mimi na wale ndugu wawili wa vitabuni! Nikabadilisha nikawa narukia mahali hadi mahali, nikapata nafuu. Hilo waliliwazia, na ninawapongeza.

Kisha ikawa zamu ya dada yangu. Binamu aliiunganisha miwani na televisheni ili sote tuone anachokiona. Mwanzo alifurahi ajabu, akawa anagusa hewa kama anayechuma maembe. Baada ya muda alikwama kwenye fumbo. Akageuka kuniuliza, kama kawaida yake. Hapo nikaona ubaya wake. Mikono yake miwili ilikuwa imeshika vile vishikio vya kuchezea, kwa hivyo hakuweza kusema. Macho yake yalikuwa yamezibwa, kwa hivyo hakuweza kusikia. Ndiyo, kusikia, kwa maana yeye husikia kwa macho. Mimi nilikuwa hatua moja kutoka kwake, jibu ninalo mkononi, na sikuwa na njia ya kulifikisha. Daftari letu lilikuwa mezani, halina kazi.

Alivua miwani, akaiweka chini polepole, akaniashiria: "Kisiwa ni kizuri. Lakini ninyi mlienda wapi?"

Rafiki yangu mmoja hapa chamani ameniambia kuwa nalalamika bure, eti mchezo kama huo ni kama kitabu, ni wa mtu mmoja. Simkatai kabisa. Lakini hata kitabu, ndugu yangu, unaweza kukilaza wazi katikati ya watu wawili. Na kitendawili ndicho zaidi. Tangu lini mtu akajitegea kitendawili peke yake? Mmoja husema "Kitendawili!" na wengine huitikia "Tega!" Wakishindwa, hutoa mji. Bila wa kuitikia, hakuna mchezo.

Basi sisemi michezo ya utulivu isipelekwe kwenye miwani. Ipelekwe, tena kwa moyo wote. Ninachosema ni kwamba anayeihamisha asipime tu picha zinavyong'aa. Kila fumbo la sauti liwe na njia ya pili, taa au alama ya kuonekana. Mchezaji awe na dirisha la kumwona aliye naye chumbani. Siku hizi baadhi ya miwani ina kamera zinazoonyesha chumba na kuifuata mikono mitupu, kwa hivyo hili si ndoto. Na mwendo ubaki wa taratibu, kwa maana aliyependa kisiwa kile alipenda kutulia.

Huenda ukauliza hayo yanatuhusu nini sisi wa shule ya kutwa yenye kompyuta chache. Yanatuhusu sana. Humu darasani mwetu mna watakaotengeneza michezo kesho, na hadithi tunazo tele, za sungura na fisi, za majini na mabaharia. Siku mtakapoziweka ndani ya miwani, kumbukeni kuacha nafasi ya mtu wa pili kuketi.

Mimi na dada yangu tulirudi kwenye tarakilishi kuukuu jioni ile ile. Kioo kidogo, picha hazisongi, feni inanguruma kama posho mili. Tulimaliza saa nne usiku. Aliyejua ni ndugu yupi wa kuaminiwa alikuwa yeye, na jibu lake sitalisema hapa.