Jioni tutafunza, muchana tutadai

Vijana wenzetu wa Kalehe, wa Bukavu na wa Kivu ya Kusini yote,

Tangu 2022 inchi yetu iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, fasi karatasi nyingi zinaandikwa kwa Kiingereza. Na huku Kalehe mtoto wa sekondari anajifunza Kiingereza namna gani? Anakopi kanuni ubaoni, kanuni yenyewe inaelezwa kwa Kifaransa, na akifika nyumbani hakuna wa kumuuliza kitu. Tunajua, juu sisi wenyewe tulipita mle.

Wazazi wanasema: «Hatukusoma Kiingereza, tutamusaidia na nini?» Jibu letu: na Kiswahili chenu.

Mtoto aseme: «Mama anauza sambaza.» Mama, muulize: nani anauza? Anafanya nini? Anauza nini? Mtoto mwenye kujibu hayo matatu ameshika mpangilio wa sentensi, na kwa Kiingereza unafuatana vile vile: «Mother sells sambaza.»

Fasi luga zinaachana, ni kazi yetu vijana. Sisi tunasema «anauza», ile «a» inabeba mtu, inatosha. Kiingereza kinakatala: lazima mtu asimame peke yake, na uchague, «she» kwa mwanamke ao «he» kwa mwanaume. Kisha inakuja ile «s» ya «sells» ambayo watoto wanasahau kila siku. Sisi tunasema «samaki mukubwa», wao wanatanguliza ukubwa: «big fish».

Sentensi tatu kila jioni zinatosha, juu ya vitu mtoto aliona siku ile: ziwa, shamba, soko. Aandike, asome kwa sauti. Akikosea, musimucheke. Mtoto mwenye kuchekwa ananyamaza, na luga haijifunzwe na kinywa kimefungwa.

Wewe mwenye diploma na hauna kazi, chukua watoto wawili wa jirani, nusu saa tu. Hiyo haiombewe ruhusa.

Lakini tusidanganyane. Kusaidia nyumbani si kufuta deni ya Serikali. Katiba yetu, kwenye article 43, inasema masomo ya musingi kwenye shule za Serikali ni ya lazima na ya bure. Mwenye kufika sekondari bila kujua kusoma muzuri, Kiingereza kitamushinda hata tukae naye usiku kucha. Mwalimu asiyelipwa na darasa bila vitabu, si mama wa sambaza wa kurekebisha hiyo.

Jioni tutafunza. Muchana tutadai: walimu walipwe, vitabu vifike.