Hezekia Aliomba, na Bado Alitiwa Dawa



Leo naongea na wewe unayemtunza mama au baba ambaye daktari amesema ana Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau, hata anauliza mara tano kama amekula.

Soma 2 Wafalme 20. Hezekia aliomba kwa machozi, na Mungu akamwambia amesikia. Lakini katika sura hiyo hiyo, Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Maombi na dawa, sura moja! Kwa hivyo mtu akikwambia utupe vidonge vya mzazi wako ndio imani yako ionekane, usimsikize. Endelea kuomba, na uendelee kumpa dawa. Akiponywa, daktari atapima na kuthibitisha, na ushuhuda utakuwa mkubwa zaidi.

Lakini kumpa dawa si kumwachia pakiti mezani. Aliyesahau kwamba amekula, atakumbukaje kidonge? Anaweza kumeza mara mbili, au asimeze kabisa. Chagueni mtu mmoja nyumbani. Huyo ndiye aweke dawa, ampe, aone amemeza, na aandike kwenye daftari.

Wengi huandikiwa donepezili. Haiondoi ugonjwa, husaidia kumbukumbu kwa muda. Kwa kawaida huanzwa na miligramu 5 mara moja kwa siku, usiku kabla ya kulala. Baada ya wiki 4 hadi 6 inaweza kuongezwa, lakini anayeongeza ni daktari, si wewe. Ukisahau kumpa leo, usimpe mbili kesho. Zikipita siku kadhaa bila dawa, mpigie daktari kabla ya kuanza tena.

Kichefuchefu, kuhara na kukosa hamu ya chakula hutokea, mwambie daktari. Lakini akizimia, moyo ukipiga polepole sana, akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami, mkimbize hospitali. Na akishikwa na mafua, usinunue tu dawa ya dukani. Dawa kama Piriton hupunguza nguvu ya donepezili. Mweleze mfamasia kila kitu anachotumia, hata miti shamba.

Mpendwa, amri ya kuwaheshimu baba na mama haiishi wanapotusahau majina. Kumpa mzazi kidonge chake kwa wakati, bila kumfokea, nako ni kumheshimu.

Sema Amina, kisha nenda ukaangalie ile pakiti. Mungu akubariki. 🙏