Ushawishi kwa Viongozi Uandikwe Daftarini

Kumwendea kiongozi na kumweleza haja si kosa. Mkulima anayemwandikia mbunge wake juu ya bei ya pamba, au wazee wanaokwenda kwa mkuu wa wilaya kudai daraja, hutumia haki yao ya uraia. Lililo jambo la kuangaliwa ni kazi ya mtu anayelipwa ili aielekeze sheria, kodi, zabuni au fedha za umma upande wa yule amlipaye. Huo ndio ushawishi. Si lazima bahasha ipite chini ya meza. Lakini ukifanywa gizani, wananchi watautofautishaje na rushwa?

Uingereza ilitunga sheria ya daftari la washawishi mwaka 2014, wakati David Cameron akiwa Waziri Mkuu. Ni yeye huyo aliyetahadharisha mwaka 2010, kabla ya kushika madaraka, kwamba ushawishi ungekuwa kashfa kubwa ijayo. Sheria yenyewe ilikuwa nyembamba mno. Iliwabana washawishi wa kukodiwa tu, na tena wanaposema na mawaziri au makatibu wakuu. Mwajiriwa anayeisemea kampuni yake haikumgusa.

Cameron aliacha uwaziri mkuu mwaka 2016, na mwaka 2018 akawa mshauri wa kampuni ya fedha ya Greensill Capital, akiwa na maslahi katika hisa zake. Ulipozuka ugonjwa wa Korona mwaka 2020, aliwapelekea wakubwa serikalini ujumbe wa simu, akiwemo Waziri wa Fedha Rishi Sunak, akitaka kampuni hiyo iingizwe katika mpango wa mikopo ya dharura. Ombi lilikataliwa, na Machi 2021 Greensill ikafilisika. Msajili wa washawishi alipochunguza akaona sheria haikuvunjwa, kwa kuwa Cameron alikuwa mwajiriwa. Wananchi waliyajua hayo kwa juhudi za magazeti, wala si kwa daftari.

Wako watakaosema kwamba ombi lilikataliwa, basi madhara yako wapi? Nasi twauliza: mwenye duka aliyefilisika mwaka ule alikuwa na namba ya simu ya Waziri wa Fedha?

Jirani yake, Ireland, ilikuwa imekwisha kuonja uchungu. Baraza la uchunguzi lililoundwa mwaka 1997 lilitoa taarifa yake ya mwisho mwaka 2012, likaeleza jinsi baadhi ya madiwani wa Dublin walivyopokea fedha ili mashamba yageuzwe kuwa viwanja vya majengo. Sheria ya ushawishi ya mwaka 2015 ikaja na swali lililo bora: haiulizi tu msemaji ameajiriwa na nani, bali pia anaomba nini. Kampuni yenye waajiriwa zaidi ya 10 huandikishwa hata ikijisemea yenyewe. Katika habari za kugeuza matumizi ya ardhi, hata mtu mmoja mmoja huandikishwa, isipokuwa kwa nyumba anayoishi. Kila miezi minne huandika walisema na nani, juu ya nini, na kwa shabaha gani, na yeyote aweza kusoma bila malipo. Nchi yoyote inayokusudia kutunga sheria ya namna hii yafaa ianzie hapo, isianzie London.

Hata hivyo sheria ya Ireland nayo ilikosa meno. Ilimkataza waziri aliyeondoka madarakani kuishawishi ofisi yake ya zamani kwa muda wa mwaka mmoja, lakini haikuweka adhabu. Mwaka 2020 aliyekuwa waziri mdogo wa fedha akaenda kuongoza chama cha kampuni za uwekezaji kabla mwaka huo haujatimia, na tume ya maadili haikuwa na uwezo wa kumwadhibu yeyote kwa kulivunja katazo hilo. Sheria ikarekebishwa mwaka 2023: sasa mkosaji aweza kutozwa hadi euro 25,000 na kuzuiwa kufanya ushawishi hadi miaka 2.