Karatasi ya garanti haitengenezi motere

Tuseme wazi tangu mwanzo: hapa Lubumbashi, garanti unayolipia juu ya bei ya gari ya okazyo, zaidi sana gari ya mbio, ni pesa ya kutupa. Na wanaoiuza wanajua hivyo. Mara kwa mara wasikilizaji wanafika kwenye mlango wa radio na karatasi yenye mihuri mitatu, wanaomba tuisome hewani ili muuzaji aone haya. Tumezisoma. Haya hawaoni, na karatasi zinaendelea kuuzwa. Kwa hiyo leo naandika.

Ninaandika kwanza kwa ajili ya familia za wahami wa vita. Tangu mwanzo wa 2025, Goma na Bukavu zilipoanguka, kuna watu waliofika katika mji wetu na kile walichoweza kuokoa: bei ya kiwanja kilichouzwa haraka haraka, akiba ya miaka, pesa ya likelemba. Wengine walitangulia zamani, kutoka Pweto na Mitwaba. Baba wa familia anatafuta kitu cha kuanzia maisha, anaambiwa: nunua gari, itakulisha. Shauri lenyewe si baya. Ubaya unaanza pale komisionere anapompitisha mbele ya Corolla na Probox bila hata kusimama, anamfikisha mbele ya Mark X nyeusi yenye rimu za kung'aa, ama Subaru Legacy ya turbo. "Baba, hii inafika Kolwezi kabla ya wengine wote. Na siku ya Posho unaikodisha kwa ndoa." Akiona mtu bado anasita, anatoa dawa ya mwisho mfukoni: "Usiogope kitu, iko na garanti ya miezi sita. Unaongeza tu pesa kidogo."

Hapo ndipo mtu anauziwa usingizi.

Tuanze na gari yenyewe. Mark X ya kwanza, ile iliyotengenezwa kati ya 2004 na 2009, ina motere ya silinda sita, ya lita 2.5 ama 3.0, inayorusha esansi moja kwa moja ndani ya silinda. Ilitengenezwa kwa esansi bora ya Japani. Hapa inanyweshwa ya bidoni kando ya barabara, siku ambazo stesheni ni kavu ama mfuko ni mwepesi. Legacy ya turbo nayo ina mdomo mwingine: turbo inaishi kwa mafuta safi ya motere yanayopita katika mrija mwembamba. Mwenye gari wa kwanza alichelewa kubadilisha mafuta? Mrija unaziba, turbo inakufa, na vipande vyake vinaweza kushuka mpaka ndani ya motere. Halafu kuna mkanda wa distribisyo unaotakiwa kubadilishwa karibu na kilometa 100,000. Ukikatika njiani, valvu zinagongana na pistoni, na hapo hatuzungumzi tena juu ya kutengeneza, tunazungumza juu ya kutafuta motere nyingine. Nani alibadilisha mkanda huo, na lini? Komisionere anacheka, anafungua radio ya gari ili usikie besi.

Mtu mwenye mshahara wa kampuni ya madini anunue anachopenda, hiyo ni starehe yake na sina neno. Lakini gari ya kulisha watoto si gari ya kukimbizana. Gari ya taxi inachaguliwa kwa bei ya piesi zake, si kwa sauti ya ekzosi yake. Kata ya amortisere ya IST unaipata leo hii. Ukitafuta ya gari ya mbio, fundi anakwambia ngoja, inatoka Lusaka, inatoka Dar es Salaam, lete kwanza pesa ya kuagiza. Na wakati unangoja, gari imelala na watoto wanakula nini?

Gari hizi zinatoka Japani kwa sababu moja ambayo si siri. Kule gari mpya inapita kontrole ya serikali baada ya miaka 3, halafu kila miaka 2, na kontrole ile ni ghali. Gari ikizeeka, mwenyewe anaona heri aiuze kwenye mnada. Kwenye mnada kuna mkaguzi anayeandika karatasi: alama ya hali ya gari, kilometa zake, mahali ilipokwaruzwa, na herufi R kama iligongwa ikatengenezwa. Hiyo ndiyo karatasi ya kuomba. Gari nyingi zilizopita mnadani zilikuwa nayo. Ajabu ni kwamba hapa mjini karatasi hiyo imepotea siku zote. Ile ya garanti haipotei hata siku moja.

Bila karatasi ya mnada, kilometa unazoziona kwenye tabulo ni hadithi. Gari inashuka melini Dar es Salaam ama Durban, inapita Zambia, inaingia Kasumbalesa, na katika safari hiyo ndefu kuna zile ambazo zinazidi kuwa vijana. Usitazame namba, tazama pedali ya breki, tazama kiti cha shofere, tazama usukani ulivyolika.

Na usukani huo uko upande gani? Sisi tunaendesha upande wa kuume wa barabara, gari ya Japani ina volan upande wa kuume pia. Mjini unazoea. Lakini kwenye barabara ya Kasumbalesa, nyuma ya lori la shaba, shofere haoni mbele mpaka atoe gari nzima katika njia ya wengine. Weka chini yake motere yenye nguvu na kijana wa miaka 22 anayetaka kuwahi. Kuna pia garaji zinazohamisha volan kwenda kushoto kwa kukata na kuunganisha vyuma. Ukinunua gari ya namna hiyo, jua kwamba maisha yako yanategemea fundi wa soda usiyemjua.

Sasa tuifungue garanti. Nimesoma za kutosha, zinafanana kama mapacha. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba motere na bwati ya vitesi zinalindwa miezi sita. Chini, kwa herufi za mchwa na kwa Kifaransa cha avoka, vinakuja vile visivyolindwa: turbo, elektroniki, vitu vinavyochakaa, uharibifu unaotokana na esansi mbaya, na gari inayofanya biashara. Soma tena hilo la mwisho. Baba aliyesema mbele ya muuzaji kwamba anatafuta taxi ameuziwa garanti ambayo inakufa siku ya kwanza anapopakia mteja! Halafu matengenezo yafanyike katika garaji ya muuzaji tu, na fundi wa muuzaji ndiye anayeamua kama kosa ni la gari ama ni lako. Mshitakiwa na mzuzi ni mtu mmoja.

Mama mmoja wa Ruashi, aliyefika na watoto wake kutoka mashariki, alituletea karatasi ya namna hiyo. Legacy yao ilifanya wiki saba. Turbo ilipoanza kupiga mluzi walirudi kwa muuzaji, akaenda mpaka nyuma ya gari, akafungua kifuniko cha tanki, akanusa. "Mama, mulimupa gari esansi ya bidoni." Kesi ikaisha kwa kunusa. Gari iko uani mpaka leo, kuku wanalala chini yake.

Na kuna ubaya zaidi, ambao ndio unanikasirisha kuliko yote. Sheria yetu ya mikataba, ile dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 ambayo mahakama zetu zimeitumia miaka yote hii, inasema muuzaji anawajibika kwa kasoro zilizofichika, hata kama hakuzijua. Kasoro unayoweza kuiona kwa macho ni juu yako, iliyofichika ni juu yake. Haki hiyo haiuzwi, ni ya bure. Lakini sheria hiyohiyo inamruhusu muuzaji asiyejua kasoro kuandika katika mkataba kwamba hatoi garanti. Basi katika karatasi hizi tunakuta, mstari wa mwisho kabisa, maneno "vendu en l'état": imeuzwa kama ilivyo. Maana yake ni nini? Umelipa pesa ili utie sahihi kwenye karatasi ambayo muuzaji ataitumia kukunyima kile ambacho sheria ilikupa bure. Kama alijua kasoro akanyamaza, maneno hayo hayamwokoi. Lakini kuthibitisha kwamba alijua, hiyo ni kazi yako, na inataka avoka na muda.

Wengine wananiambia: Ulaya na Marekani watu wananunua garanti za kuongeza, kwa nini sisi tusifanye? Sawa, twende Marekani. Katika jimbo la Missouri kulikuwa na kampuni kubwa, US Fidelis, iliyouza garanti hizo kwa simu nchi nzima. Mwaka 2010 ilifilisika, na wateja wengi wakabaki na karatasi na malalamiko. Ndugu wawili waliokuwa wenyewe, Darain na Cory Atkinson, walihukumiwa kifungo mwaka 2012. Hiyo ni nchi yenye waendesha mashtaka wanaofuata jambo hadi mwisho. Hapa, kampuni ya asiransi inatakiwa kupata ruhusa ya ARCA kabla ya kuahidi kulipa hasara ya kesho. Muuza gari mwenye mihuri mitatu, pesa yake ya kulipa motere yako imewekwa wapi? Muulize swali hilo moja, utazame macho yake.

Tuhesabu kwa mfano tu. Gari ni dola 5,000, garanti ni dola 400. Chukua hizo 400. Toa kidogo umlipe fundi wako mwenyewe, si yule anayeletwa na komisionere. Afike asubuhi na mapema, motere ikiwa bado baridi, maana motere iliyopashwa moto kabla ya mteja kufika inaficha moshi na makelele. Aweke mashine ya skana, achomoe kijiti cha mafuta, alale chini ya gari. Alinganishe namba ya shasi na makaratasi ya duane, herufi kwa herufi. Pesa inayobaki ibadilishe mafuta, filta na mkanda siku ile ile, na salio lilale nyumbani kama dawa ya gari.

Na kama muuzaji anaamini gari yake, mwambie hivi: nakulipa sehemu kubwa leo, sehemu nyingine baada ya siku thelathini, tuandike kwa Kiswahili, mbele ya mashahidi wako na wangu. Pesa ambayo haijatoka mfukoni mwako ndiyo garanti ninayoijua mimi. Akikataa, amekwisha kukujibu juu ya gari.

Kwa wakubwa wa mji na wa jimbo nina ombi moja. Mnawatuma polisi wa rulaji kusimamisha taxi kwa sababu ya taa moja iliyokufa. Siku moja watumeni kwenye parking za wauzaji, waombe karatasi ya mnada ya kila gari, na mkataba katika lugha ambayo mnunuzi anaielewa.

Ijumaa jioni, baada ya habari, mafundi wawili watakuwa nasi hewani kujibu maswali yenu. Walio na karatasi za garanti wazilete mapema radioni, tutazisoma mpaka mstari wa chini. Majina ya familia hatutayataja.