Leseni Halali za Programu za Usanifu: Kinga ya Ajira za Vijana Mbezi Luis

Dar es Salaam

Tangu Kituo Kikuu cha Mabasi cha Magufuli kilipozinduliwa Februari 24, 2021, eneo la Mbezi Luis katika Manispaa ya Ubungo limekuwa miongoni mwa malango makuu ya Jiji la Dar es Salaam. Abiria wa mikoani huanzia na kuishia safari zao hapo, na biashara ndogo ndogo zimeota mizizi pembezoni mwa Barabara ya Morogoro. Miongoni mwake ni stesheneri na ofisi za usanifu zinazotengeneza kadi za harusi, mabango, lebo za bidhaa, fulana za vikundi na vipeperushi. Mtaji wa ofisi ya namna hiyo kwa kawaida ni kompyuta, printa, ujuzi wa kijana anayeiendesha, na programu ya usanifu iliyomo ndani ya kompyuta hiyo.

Programu hiyo ndiyo inayosahaulika zaidi katika hesabu za mtaji, mpaka siku inapogoma. Mteja amesimama mezani, kadi zinatakiwa kabla ya Jumamosi, na kwenye skrini unatokea ujumbe kwamba leseni imeshindwa kuthibitishwa na programu itafungwa. Kile ambacho msanifu anafanya katika saa moja inayofuata kinaweza kuokoa kazi ya siku hiyo, au kikafungua mlango wa hasara kubwa kuliko kazi yenyewe.

Chanzo cha tatizo

Kwa miaka mingi programu za usanifu ziliuzwa kama bidhaa nyingine yoyote: mnunuzi alilipa mara moja, akapewa namba ya siri, akatumia bila kikomo. Hali hiyo ilibadilika Mei 2013, pale kampuni ya Adobe ya Marekani, inayomiliki Photoshop, Illustrator na InDesign, ilipotangaza kuwa matoleo mapya baada ya CS6 yatapatikana kwa njia ya kulipia kila mwezi au kila mwaka. Programu ya CorelDRAW, inayopendwa na watengenezaji wa mabango, yenyewe imeendelea kwa miaka mingi kuuzwa kwa njia zote mbili.

Mabadiliko hayo yalimaanisha kwamba leseni si karatasi tena wala namba iliyoandikwa nyuma ya kasha, bali ni mawasiliano ya mara kwa mara kati ya kompyuta ya mtumiaji na mitambo ya kampuni. Kwa utaratibu wa Adobe, aliyelipia kwa mwaka anaweza kutumia programu bila intaneti kwa hadi siku 99, na aliyelipia kwa mwezi kwa hadi siku 30. Muda huo ukipita bila kompyuta kuunganishwa na mtandao, programu husimama hata kama malipo yamefanyika kikamilifu.

Hivyo basi, si kila ujumbe wa kosa la leseni unamaanisha kwamba mtumiaji ni mdanganyifu. Zipo sababu za kawaida kabisa. Betri ndogo ya mviringo inayotunza saa ya kompyuta ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa kila umeme unapokatika, na mitambo ya kampuni hukataa kuitambua leseni yenye tarehe isiyolingana. Pia, leseni ya mtu mmoja ya Adobe huruhusu programu kuwashwa katika kompyuta mbili tu. Anayeuza kompyuta ya zamani bila kutoka kwenye akaunti yake huacha nafasi moja imekaliwa. Aidha, kinga ya mtandao iliyofungwa kwa ukali kupita kiasi huweza kuzuia mawasiliano hayo, na kadi ya malipo isiyo na salio huweza kusitisha leseni bila mwenyewe kugundua.

Makosa ya aina hii hurekebishwa bila gharama kubwa. Msanifu huanza kwa kuangalia tarehe na saa ya kompyuta, kisha huthibitisha katika akaunti yake kwamba malipo yamepita, huunganisha kompyuta na intaneti, hutoka kwenye akaunti na kuingia upya, huondoa kompyuta ambazo hazitumii tena, na kusasisha programu. Tatizo likiendelea, huwasiliana na kitengo cha huduma kwa wateja cha kampuni husika, haki ambayo mwenye leseni halali ameshailipia.

Njia ya mkato na gharama yake

Tatizo kubwa ni kwamba katika ofisi nyingi ndogo leseni hiyo haikuwepo tangu mwanzo. Programu iliwekwa na fundi kutoka kwenye flashi, ikiwa tayari "imekrakiwa" kama wanavyosema vijana, na ujumbe unapotokea fundi huyo huyo huitwa tena. Hali hii si ya Mbezi Luis wala Tanzania pekee. Utafiti wa kimataifa uliotolewa mwaka 2018 na umoja wa kampuni za programu, BSA, ulikadiria kuwa asilimia 37 ya programu zilizowekwa katika kompyuta duniani mwaka 2017 hazikuwa na leseni, na kwa Mashariki ya Kati na Afrika kiwango hicho kilikuwa asilimia 56.

Ili programu ya namna hiyo ifanye kazi, fundi hufanya mambo mawili. Kwanza, huzima kinga ya virusi, kwa kuwa kinga hiyo huitambua zana ya kuvunjia leseni kuwa ni hatari. Pili, huingiza katika faili la mfumo wa kompyuta mistari inayoizuia isiwasiliane na mitambo ya kampuni. Matokeo ya hatua ya pili huonekana baadaye kwa namna inayoumiza: kijana anapopata uwezo na kununua leseni halali, programu huendelea kumkatalia, kwa sababu mistari ile bado imo ndani na inaizuia kompyuta kuthibitisha malipo yake. Anaweza kudhani ametapeliwa na kampuni, kumbe mlango ulifungwa na fundi wake mwenyewe miaka miwili kabla. Ufumbuzi ni kuondoa mistari hiyo, na mara nyingine kusafisha kompyuta na kuweka upya mfumo mzima.

Matokeo ya hatua ya kwanza ni mabaya zaidi. Zana za kuvunjia leseni zimekuwa njia inayojulikana ya kusambazia virusi. Virusi vya kuteka mafaili vinavyoitwa STOP, au Djvu, vilienea duniani kwa kiasi kikubwa kupitia programu zilizovunjwa leseni. Vikiingia hufunga picha na nyaraka zote kwa nywila na kudai malipo. Virusi vingine havifungi kitu, bali huiba kimya kimya nywila za barua pepe, mitandao ya kijamii na huduma za fedha zilizohifadhiwa katika kompyuta.

Hapa ndipo suala linapovuka mipaka ya ofisi ya msanifu na kumgusa mwananchi wa kawaida. Kompyuta ya stesheneri hupitisha nakala za vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya Taifa, vyeti vya shule, mikataba ya pango na picha za familia. Mama aliyekwenda kuchapisha cheti cha mwanawe hajui kwamba kompyuta inayokipokea ilizimwa kinga yake ili programu ya kadi ipatikane bure. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu azilinde, na wajibu huo haupungui kwa sababu ofisi ni ndogo.

Msimamo wa sheria

Programu ya kompyuta inalindwa na sheria za nchi kama inavyolindwa kazi nyingine ya ubunifu. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ambao Tanzania inafungwa nao ikiwa mwanachama, unaelekeza katika Ibara ya 10 kwamba programu za kompyuta zilindwe kama kazi za maandishi. Nchini, ulinzi huo unapatikana katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Kwa upande wa Zanzibar, jukumu hilo ni la COSOZA chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kimeongeza uzito kwa kukataza matumizi ya mfumo wa kompyuta kwa nia ya kukiuka haki miliki, na kinatoa adhabu kali zaidi pale ukiukaji unapofanywa kibiashara.

Mgawanyo huo una maana kubwa kwa ofisi za Mbezi Luis. Mwanafunzi anayejifunza nyumbani na msanifu anayetoza fedha kwa kila bango hawatazamwi sawa mbele ya sheria. Vivyo hivyo, leseni iliyotolewa kwa ajili ya masomo au ya majaribio haigeuki kuwa ya biashara kwa sababu tu programu imekubali kufunguka. Kadhalika, akaunti moja inayouzwa kwa watu wengi kwa bei ya chini haimpi mnunuzi haki yoyote. Mwenye akaunti akibadilisha nywila, fedha na kazi hupotea pamoja.

Upo pia upande wa pili ambao wasanifu wenyewe wanapaswa kuutazama. Nembo, bango na mchoro wanaobuni ni kazi zinazolindwa na sheria hiyo hiyo ya mwaka 1999. Msanifu anayelalamika kwamba ofisi ya jirani imenakili kadi yake anasimama juu ya msingi ule ule unaomkataza kutumia programu ya mwingine bila idhini.

Ukweli wa gharama na njia zilizopo

Ni kweli kwamba gharama ni kikwazo. Malipo ya programu nyingi za kigeni hutozwa kwa dola na huhitaji kadi ya benki au kadi pepe iliyounganishwa na huduma ya fedha kwa simu. Kuna miezi ambayo ofisi hupata kazi moja au mbili tu, ilhali ada ya programu haisubiri msimu wa harusi. Kumtaka kijana huyo atii sheria bila kumwonesha njia anayoimudu ni kumwachia fundi wa flashi nafasi ya kuendelea.

Njia hizo, hata hivyo, zipo. GIMP kwa ajili ya picha, Inkscape kwa michoro, Krita kwa uchoraji na Scribus kwa kupanga kurasa ni programu huria zinazotumika kihalali bila malipo, hata katika biashara. Mwezi Oktoba 2025, kampuni ya Canva ya Australia, iliyoinunua Affinity mwaka 2024, ilianza kuitoa programu hiyo ya kitaalamu bila malipo kwa mwenye akaunti. Programu hizi hazilingani kwa kila kitu. Inkscape, kwa mfano, imejengwa zaidi kwa rangi za skrini, hivyo kazi inayokwenda kwenye mashine kubwa ya kuchapa kwa wino wa rangi nne hufaa kupitishwa Scribus ili rangi isibadilike. Ni ujuzi unaohitaji kujifunza, lakini ni ujuzi usioisha muda wake mwisho wa mwezi.

Kikwazo kingine ni mazoea ya wachapaji na wateja kudai faili la programu fulani. Msanifu anayeambiwa alete kazi katika faili la CorelDRAW tu analazimika kuwa na CorelDRAW, kwa halali au kwa haramu. Mfumo wa PDF umekuwa kiwango cha kimataifa tangu mwaka 2008, na hutolewa na karibu kila programu ya usanifu. Wachapaji wa Kariakoo na ofisi zinazoagiza mabango, zikiwemo za umma, wakikubali kupokea PDF iliyoandaliwa vizuri, sehemu kubwa ya shinikizo hilo itaondoka bila yeyote kutumia shilingi.

Kwa wale ambao kazi zao zinahitaji programu ya kulipia, fursa ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu, inafaa kuangaliwa kwa jicho jipya. Vikundi vinavyoandika andiko la mradi huorodhesha kompyuta, printa na mashine ya kuchapa fulana, lakini mara nyingi husahau leseni. Kikundi kinachoingiza ada ya programu ya mwaka mzima katika andiko lake, na kugawa gharama hiyo katika bei ya kila kazi, kinakuwa na hesabu ya kweli ya biashara yake. Kwa kikundi kinachotarajia kupata zabuni za taasisi, uhalali wa vitendea kazi ni sehemu ya sifa ya kuaminika.

Mkakati wa Taifa wa Uchumi wa Kidijitali wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga kuona teknolojia inazalisha ajira na kipato. Kwa kijana wa Mbezi Luis, lengo hilo linapimwa mezani kwake. Siku ujumbe wa leseni utakapotokea tena mbele ya mteja, mwenye leseni halali atarekebisha saa ya kompyuta, ataingia upya kwenye akaunti yake, na kadi zitatoka kabla ya Jumamosi. Asiye nayo atasubiri fundi na flashi yake, bila kujua safari hii imebeba nini ndani yake.